Pikipiki au simu yako inashikiliwa polisi? Fuata njia hii kuirudisha

Chukulia wewe ni bodaboda wa Makongolosi. Saa tatu usiku umembeba abiria mwenye kiroba cha mawe ya dhahabu, mnaelekea karasha. Mnasimamishwa na polisi, abiria anakimbia, na pikipiki yako inapelekwa kituoni. Hujashtakiwa kwa lolote, ila kesho huna kazi, na marejesho ya mkataba yanakusubiri.

Unaidai vipi? Kwa karatasi.

Anza pale pale inapochukuliwa
Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 38(3) (toleo la 2022), inamtaka askari anayechukua mali kwenye upekuzi atoe stakabadhi. Mwenye mali anasaini, na mashahidi kama wapo. Wengi wanaiita hati ya ukamataji mali.

Soma kabla ya kusaini. Hakikisha imeandikwa namba ya usajili na ya chasisi kama ni pikipiki, au IMEI kama ni simu (bonyeza *#06# uione). Kama ni fedha, kiasi kiandikwe chote. Mali isiyoandikwa ni ngumu sana kuidai baadaye.

Kituoni, uliza namba tatu
Mali ikiwa kielelezo huandikwa kwenye rejesta ya vielelezo, PF 16, na hufungwa lebo, PF 145. Omba namba ya rejesta hiyo, namba ya jalada la kesi na jina la mpelelezi. Bila hizo utazungushwa: leo njoo kesho, kesho mpelelezi amesafiri.

Nani ana uamuzi?
Hapa ndipo watu wanapopoteza muda.

Kama kesi haijafika mahakamani, mwandikie barua mkuu wa kituo, nakala kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya (OCD) Chunya. Ambatanisha kitambulisho, stakabadhi ya kukamatwa kwa mali na uthibitisho wa umiliki. Baki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa.

Kama kesi ipo mahakamani, polisi hawawezi kukupa tu hata wakitaka. Peleka maombi kwenye mahakama inayosikiliza kesi hiyo. Kifungu cha 357 kinairuhusu kuamuru mali iliyokutwa kwa mshtakiwa irudishwe kwa anayestahili, awe mshtakiwa mwenyewe au mtu mwingine.

Kadi ina jina la nani?
Bodaboda wengi wanaendesha pikipiki za mkataba, kwa hiyo kadi ina jina la bosi au la mtu aliyeiuza zamani. Hapo aje mwenye kadi mwenyewe, au beba mkataba wa mauziano pamoja na barua yake. Kwa simu, risiti na boksi lenye IMEI vinasaidia sana.

Dhahabu ni habari nyingine. Kama huna leseni au nyaraka za Soko la Madini, Sheria ya Madini inaingia, na mzigo unaweza kutaifishwa.

Kwa pikipiki zinazorundikana vituoni, suala hili liliwahi kufika hadi kwa waziri. Kangi Lugola, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani (2018–2020), alielekeza zinazobaki vituoni ziwe za aina tatu tu: zilizohusika na uhalifu, zilizopata ajali na zisizo na mwenyewe.

Ukiombwa hela
Faini halali ya Serikali inakuja na namba ya kumbukumbu ya malipo, na unapata risiti. Ukiambiwa utoe ya mkononi “ili faili litembee”, hiyo ni rushwa. Piga TAKUKURU, 113, bure.

Barua isipojibiwa, panda ngazi: OCD, kisha Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Mbeya. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo hupokea malalamiko. Huna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria wanaosaidia bure; ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri. Kuishtaki Serikali ndiyo hatua ya mwisho, na lazima kwanza utoe notisi ya siku 90.

Usichelewe
Kesi ikiisha, usisubiri kupigiwa simu. Chini ya kifungu cha 353, kielelezo kilichotolewa mahakamani kisipodaiwa ndani ya miezi 12 baada ya kesi au rufaa kumalizika, kinaweza kuuzwa au kuharibiwa. Siku ya hukumu, muulize hakimu hapo hapo: mali yangu inarudi lini? Kisha omba nakala ya amri, uipeleke kituoni.

Ukikabidhiwa, kagua kwanza, saini baadaye. Kama betri au kioo hakipo, kiandikwe kabla hujaondoka.