Njia ya Mlima Kigali: Mkaratusi na Kiswahili

Mkazi wa Nyarutarama anayetaka kupanda Mlima Kigali huvuka karibu jiji zima. Hupita Kacyiru, hupanda Nyarugenge, hushuka Nyamirambo, ndipo aanze kukwea kwa miguu kuelekea kilele chenye urefu wa takriban mita 1,850. Wengi huenda huko kutafuta maumbile ya asili. Insha hii inadai kwamba wanachokikuta ni historia.

Nyarugenge ndipo alipoweka makao yake Richard Kandt, Mjerumani aliyekabidhiwa uwakilishi wa serikali yake nchini Rwanda mwaka 1907. Leo panajulikana kwa jumba la makumbusho lenye jina lake. Pamoja na utawala huo walikuja askari, makarani na wafanyabiashara waliotumia Kiswahili. Wabelgiji, walioiteka nchi mwaka 1916, waliwatenga Waislamu na wageni hao katika mitaa yao. Mmojawapo ni Biryogo, ambako Kiswahili kinasikika hadi leo.

Ukiziacha nyumba za Nyamirambo na kuingia msituni, unapokewa na harufu ya mikaratusi. Mti huu, ambao Wanyarwanda huuita inturusu, asili yake ni Australia, nao uliletwa na Wazungu. Wakati wa Wabelgiji, upandaji miti ulikuwa miongoni mwa kazi za shuruti zilizoitwa akazi. Umuvumu, mti wa wenyeji uliotoa nguo za magome na kuashiria makao ya kale ya wafalme, haukuwa na nafasi katika mpango huo.

Basi lugha tunayoisoma na mti ule vilipitia mlango mmoja. Je, ving'olewe vyote viwili? Kwa maoni yangu, ugeni peke yake si hoja. Mkaratusi hujenga nyumba na kupika chakula, lakini hunywa maji mengi. Ndiyo maana katika bustani ya Nyandungu, iliyofunguliwa mwaka 2022, imepandwa miti ya asili. Kiswahili, kilichodharauliwa kuwa lugha ya mitaa, kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017. Kila kimoja kipimwe kwa kazi yake.

Kosa ni kupita chini ya miti hiyo tukidhani ilijiotea, tukawasahau waliolazimishwa kuipanda.