Asili ya Bisi

Wasikilizaji wetu, ni nani kati yetu asiyeujua mlio wa bisi zikipasuka chunguni? Watoto hushangilia, nasi wakubwa twadhani ni mchezo wa jioni tu. Lakini wazee walisema: Usione vyaelea, vimeundwa. Bisi nazo zina asili yake.

Jina la mahindi laweza kutudanganya, tukadhani yalitoka Bara Hindi. Sivyo. Yalitoka Amerika, kusini ya Mexico, ambako watu walianza kuyalima yapata miaka 9,000 iliyopita. Mzazi wake ni nyasi iitwayo teosinte. Suke lake ni dogo, lina mbegu chache, na kila mbegu imefungwa katika gamba gumu mno. Basi watu wa kale waliilaje mbegu ya namna hiyo, hata wakaona yafaa kulimwa?

Mwaka 1939 mtaalamu wa Marekani, George Beadle, alizitia motoni mbegu za teosinte. Zikapasuka, zikawa kama bisi. Hoja yake ni kwamba huenda watu wa kwanza walizila vivyo hivyo. Maana ndani ya punje mna maji kidogo. Yakipata moto hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia ya kutoka huipasua punje.

Hata Peru, katika pwani ya kaskazini, mna ushahidi wa kale. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kuwa katika magofu ya Paredones na Huaca Prieta yamefukuliwa magunzi ya miaka kama 6,700, na miongoni mwake mahindi ya bisi. Siku zile wenyeji wa huko walikuwa hawajajua kufinyanga vyungu. Lakini moto walikuwa nao.

Wahispania walipofika Mexico katika karne ya 16, waliwakuta Waazteki wakijipamba kwa mashada ya bisi katika ngoma za ibada. Karne hiyo hiyo Wareno walianza kuyaleta mahindi Afrika.

Majina ya wakulima wale wa kwanza hayakuandikwa popote. Walichotuachia ni mbegu, waliyoichagua mavuno baada ya mavuno, hata nyasi ikawa chakula cha mataifa. Nasi kila tutengapo magunzi yaliyo bora kwa kupanda mwakani, twaiendeleza kazi yao.