Deni la HELB: Nani Alingojewa Kwanza?

Huu mjadala haukosi kurudi: madeni ya HELB yafutwe ama kila mtu abebe lake? Mmoja anauliza, "Mimi nililipa, mbona wewe usamehewe?" Mwingine anamjibu, "Wewe ulipata kazi. Mimi bado natarmac." Wote wako na pointi. Lakini hebu turudi nyuma kidogo.

Mkopo wa chuo haukuanza na HELB. Mwaka wa 1952 wakoloni walianzisha mfuko wa kukopesha Wakenya waliopata nafasi ng'ambo. Kwenye miaka ya 1970, serikali ya Kenya ikaanza mpango wake chini ya Wizara ya Elimu. Hiyo ndiyo enzi ya "boom", ile pesa wazazi wetu husimulia wakitabasamu.

Shida ni kwamba mpango huo haukuwa na sheria ya kufuata madeni. Wengi waliamini ni pesa ya bure, na wengi hawakurudisha. Ndiyo maana 1995 Bunge likaunda HELB na kulazimisha waajiri wakate mshahara wa aliyekopa.

Sasa ona. Kizazi ambacho digrii ilikuwa karibu sawa na barua ya kazi ndicho kilikaa miaka mingi bila kufuatwa kwa madeni yake. Sisi ambao digrii inakaa kwenye bahasha tukisaka vibarua, sheria inaturuhusu mwaka mmoja tu baada ya masomo, kisha faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Hiyo ni 60,000 kwa mwaka, kwa mtu hana mshahara!

Je, tufute yote? Mimi nasema hapana. Jamaa wa boda hakuwahi kukanyaga chuo, lakini kila akiweka mafuta na kununua kredo analipa kodi. Tukifuta kila kitu, bili inamwendea yeye, hata kwa wale wenye magari makubwa walioamua tu kutolipa. Halafu pesa inayorudi ndiyo husaidia kukopesha wanaoingia chuo leo, pengine mdogo wako.

Lakini faini kwa asiye na kazi ni kumkamua ng'ombe aliyekauka. Mwenye kipato alipe kulingana na kipato, asiye nacho saa yake isimame mpaka apate. Huko si kusamehewa. Ni kungojewa tu, na wazee wetu walingojewa zaidi yetu.

Wewe unaonaje?