Majengo ya Kale Kuwa Mashahidi: Habari za Mji wa Venezia

Aandikaye historia ya nyumba ya ibada huanza na kumbukumbu za vikao na vitabu vya ubatizo. Hata hivyo, jengo lenyewe nalo ni shahidi. Kuta na ngazi zake hutunza mambo ambayo hakuna katibu aliyeyaandika. Mfano ulio dhahiri ni Venezia, nchini Italia, mji uliojengwa juu ya nguzo za miti zilizokitwa katika matope ya wangwa.

Vipimo rasmi vya maji vilianza huko mwaka 1872. Kwa miaka iliyotangulia, wataalamu waliyageukia majumba ya kandokando ya mifereji, ambayo kuta zake zina mstari wa mwani unaoonyesha mahali maji kujaa yanapofikia kwa kawaida. Mchoraji Canaletto (1697–1768) aliuchora mstari huo kwa uaminifu. Profesa Dario Camuffo na wenzake walizilinganisha picha zake na kuta zilezile zilizosimama hata leo, wakaona kwamba mstari umepanda takriban sentimita 60. Ngazi za kushukia mashuani nazo zilishuhudia vivyo hivyo: vidato vilivyokuwa vikavu zamani sasa vimezama.

Je, ni bahari iliyopanda au ni ardhi iliyoshuka? Ni yote mawili. Katika karne ya 20 Venezia ilipoteza takriban sentimita 23 za kimo chake juu ya bahari, na karibu nusu yake ilitokana na ardhi kudidimia. Viwanda vya Marghera vilivuta maji mengi kutoka visima virefu, hasa kati ya mwaka 1950 na 1970, na tabaka za udongo wa mfinyanzi zikashindiliwa. Tarehe 4 Novemba 1966 mafuriko yalifikia sentimita 194 katika kipimo cha mji, na wengi wakashtuka. Uvutaji ulipopunguzwa, kudidimia kwa haraka kulikoma. Lakini sehemu kubwa ya kimo kilichopotea haikurudi. Leo maji ya chumvi huvuka misingi ya mawe na kuyala matofali yaliyo juu yake.

Basi, kila aliyekabidhiwa jengo la kale ana wajibu. Kuziba ufa au kuinua sakafu pengine ni lazima. Lakini kabla ya kuanza, na apime, apige picha, na aandike tarehe. Alama ikifutwa bila kuandikwa, shahidi amenyamazishwa, nao watakaotufuata hawatakuwa na wa kumwuliza.