Saxaar na Gari la Moshi: Majina ya Safari Yaliyokutana Doha

Kiwolofu cha Senegal kina neno saxaar, lenye maana mbili: moshi, na treni. Herufi x katika imla ya Kiwolofu hutamkwa kama kh ya Kiswahili katika neno kheri, na irabu iliyoandikwa mara mbili huvutwa. Mswahili akielezwa maana hizo mbili hahitaji ufafanuzi zaidi, kwani wazee wake walikwisha kulitegua fumbo hilohilo kwa namna hiyohiyo. Walisema gari la moshi. Pwani mbili za bara moja, zisizokuwa na mazungumzo baina yake, moja ikiwa chini ya Wafaransa na nyingine chini ya Waingereza na Wajerumani, ziliuona mtambo ule ukija, na zote zikaupa jina la kile ulichokiacha angani.

Neno hili nilifundishwa Doha, nilikokuwa mhadhiri mgeni kwa muhula mmoja. Mwenzangu mmoja Msenegali, mwanahistoria kwa taaluma, alikuwa akipanda metro nami asubuhi, na tukakubaliana kubadilishana maneno: yeye anipe ya Kiwolofu, mimi nimpe ya Kiswahili. Tulianza na msamiati wa usafiri kwa kuwa ndio uliokuwa mbele ya macho yetu. Vitabu vya kujifunzia lugha navyo huuweka msamiati huo katika kurasa za mwanzo, pamoja na bei ya nyanya na kuulizana hali, kana kwamba ni somo la kupashia misuli moto. Kwa maoni yangu hakuna sura ya kamusi iliyobeba historia nzito kuliko hiyo, kwa sababu chombo cha safari aghalabu huja kutoka nje, huja na mwenyewe, na wenyeji hulazimika kukipa jina kabla hawajaulizwa kama wanakitaka.

Tuanze na reli ya Senegal. Njia ya kutoka Dakar hadi Saint-Louis ilifunguliwa mwaka 1885. Wafaransa waliihitaji kwa ajili ya karanga, na karanga zilikuwa Cayor, dola la Kiwolofu lililotawaliwa na Lat Dior. Mwaka 1879 Lat Dior aliweka mkataba wa kuruhusu reli ipite. Baadaye akaelewa kuwa njia ya karanga ni njia ya askari pia, akageuka na kuipinga. Aliuawa vitani Dekhele mwezi Oktoba 1886, mwaka mmoja tu baada ya treni kuanza kupita. Masimulizi ya Wasenegali yanasema aliapa kuwa farasi wake, Malaw, hataiona reli hiyo. Fas ndilo neno la Kiwolofu la farasi, na mwenzangu alilitamka kwa heshima ambayo hakuipa oto, yaani motokaa.

Baadaye reli ikasogezwa hadi mto Niger, na waliokuwa wakiitazama kutoka pembeni wakawa wafanyakazi wake. Oktoba 1947 waligoma, wakadumu katika mgomo hadi Machi 1948. Ousmane Sembène aliuandikia mgomo huo riwaya iliyotoka mwaka 1960, na humo treni inaitwa moshi wa savana. Aliandika kwa Kifaransa, lakini ukijua saxaar unaisikia lugha ya pili ikipumua chini ya ile ya kwanza.

Upande wetu, Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka 1893, na Waingereza wakaanza Mombasa mwaka 1896. Reli ya Uganda, ambayo kwa miaka mingi haikufika Uganda, ilifika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi wala hawakubaki, walikufa. Katika jina gari la moshi nusu moja ni ya Kihindi, kwani gari limetoka huko. Reli yenyewe tuliichukua kwa Waingereza, pamoja na stesheni na tikiti. Moshi pekee ndio uliokuwa wetu. (Mji wa Moshi, ambako reli ya Tanga ilifika kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, haumo katika hesabu hii, ingawa wanafunzi wangu kila mwaka hujaribu kuuingiza.)

Linganisha majina hayo na yale waliyoyatumia wenye mali. Kwa Kifaransa reli ni njia ya chuma. Kwa Kiingereza vilevile kinachotangulia ni njia na vyuma vyake, yaani kile kilicholipiwa, kilichopimwa, kilichoandikwa katika vitabu vya hesabu London na Paris. Saxaar na gari la moshi ni majina ya mtu aliyesimama shambani. Hajui bei ya tani moja ya chuma; anaona wingu jeusi likivuka ardhi ya wazazi wake. Nadharia hii isisukumwe mbali mno, kwa sababu Wachina nao huiita treni gari la moto, na wao wana historia yao na reli za wageni. Hata hivyo kuna jambo la kuchekesha hapo: watu wenye gari la moto ndio waliokuja kuwajengea wenye gari la moshi TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kati ya mwaka 1970 na 1975.

Kiarabu kilichoandikwa kwenye vibao vya metro ya Doha kilitupa mfano wa tatu. Treni ni qitar. Zamani neno hilo lilikuwa mfuatano wa ngamia waliofungwa kamba mmoja nyuma ya mwenziwe, na behewa zikarithi nafasi ya ngamia bila lugha kutikisika. Motokaa nayo ni sayyara, neno ambalo katika Sura ya Yusuf ni msafara wa wasafiri, wale waliomtoa Yusuf kisimani. Waarabu hawakuukodolea macho mtambo mgeni na kuupa jina jipya. Waliukaribisha katika msafara waliokuwa nao tangu kale. Huenda hii ni faida ya kupewa chombo kigeni wakati bado unazo nahau zako za safari mkononi.

Nasi tulikuwa nazo, lakini zilikuwa za bahari. Hapo ndipo Doha ilipoacha kuwa mahali pa kupita tu katika mazungumzo yetu. Ukitembea kandokando ya ghuba ya Corniche utayaona majahazi ya mbao yamefungwa, mengi sasa ya kuwatembeza watalii. Bwana wa chombo hicho huitwa huko kwa neno ambalo Mswahili analitambua mara moja: ni nahodha, lenye asili ya Kiajemi, bwana wa merikebu. Katika Ghuba neno hilo limekaa zaidi na wazee, majumba ya makumbusho na sherehe za utamaduni. Kwetu lingali na kazi kila wiki, kwa sababu tumelihamishia katika mpira. Senegal ilipoifunga Qatar mabao 3 kwa 1 katika uwanja wa Al Thumama tarehe 25 Novemba 2022, Kalidou Koulibaly kwa Kiswahili alikuwa nahodha. Neno la wapiga mbizi wa lulu likavikwa kitambaa cha mkononi na Msenegali, katika uwanja uliojengwa kwa umbo la kofia, kwenye mji ambao lilikuwa likitumika zamani kwa maana yake ya kwanza.

Mwenzangu alinipa gaal kwa maana ya mtumbwi au mashua, akaniambia, kama Msenegali yeyote anavyomwambia mgeni, kwamba nchi yake ni sunu gaal, mtumbwi wetu. Wanahistoria wengi hulihusisha jina la Senegal na Wazenaga wa kaskazini, naye alilijua hilo vyema kuliko mimi. Hakuonekana kujali.

Majahazi yaliyokuja pwani yetu kutoka Ghuba yalirudi na boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika jahazi la Kuwait msimu wa 1938 hadi 1939 mpaka Rufiji, akaandika jinsi boriti zilivyopakiwa. Katika nyumba kongwe zilizohifadhiwa Qatar ukiinua macho utaziona zimelala darini, na upana wa chumba ni urefu wa boriti: mkoko wa delta yetu ndio uliopima sebule zao. Lakini majahazi hayakubeba boriti tu. Katika mtaa wa Msheireb, katikati ya Doha, kuna jumba la makumbusho liitwalo Bin Jelmood, lililofunguliwa mwaka 2015, linalosimulia habari za utumwa katika Bahari ya Hindi na katika Qatar yenyewe. Watu waliotolewa Afrika Mashariki walifanywa wapiga mbizi wa lulu, wachukuzi na watumishi wa nyumbani. Utumwa ulipigwa marufuku Qatar mwaka 1952, yaani ndani ya umri wa watu ambao bado wako hai. Ngoma ya lewa ya Ghuba hadi leo ina maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengi hawayaelewi tena.

Nilipotoka katika jumba hilo nilirudi kwenye daftari letu la msamiati kwa jicho jingine. Kiswahili kinatofautisha kupanda na kupakiwa. Abiria hupanda chombo, mzigo hupakiwa. Kiwolofu nacho kina dugg, kuingia, na yeb, kupakia mzigo. Mwalimu wa lugha huyafundisha maneno hayo mawili kwa dakika tano kisha akasonga mbele. Katika historia ya pwani zetu mbili, tofauti kati ya maneno hayo ndiyo tofauti kati ya msafiri na mtumwa, na waliopakiwa Kilwa au Gorée hawakuhitaji mwalimu wa sarufi. Leo vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaolinda milango na kupeleka vyakula kwa pikipiki Doha wamekuja kwa ndege, wana viza na mikataba. Hata hivyo nimewasikia wakisimulia safari zao kwa vitenzi vya namna mbili. Wapo wanaosema nilikuja. Wapo wanaosema nililetwa. Sikuona kwamba wanaokitumia kitenzi cha pili wamekosea sarufi.

Vyombo vya barabarani vina historia nyepesi kidogo, na majina yake yalitolewa na watu waliokaa ndani. Matatu, kama wengi wanavyoeleza, ilipewa jina kwa nauli ya sarafu tatu za senti kumi. Daladala inahusishwa na sarafu ya shilingi tano iliyoitwa dala. Bodaboda ilizaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda, na jina lake ni mpaka wenyewe uliotamkwa mara mbili. Dakar mabasi meupe yaliitwa Ndiaga Ndiaye, kwa jina la tajiri aliyeyamiliki, na yale ya rangi ya buluu na njano yaliyoandikwa Alhamdulillahi usoni yana kijana anayening'inia nyuma akiitwa apranti, mwanagenzi. Nilimweleza mwenzangu kuhusu konda, makanga na utingo, naye akacheka kwa kumtambua ndugu yake. Anayelipa nauli hukipa chombo jina la nauli, na anayesubiri kituoni hukipa jina la tajiri. Moshi haumo, ingawa katika magari hayo upo wa kutosha.

Kilichonishangaza zaidi ni vitenzi. Kwa Kiwolofu daw ni kukimbia, na dawal, kukifanya kitu kikimbie, ni kuendesha gari. Sisi tulitoka kwenye enda tukapata endesha. Lugha hizi mbili hazina udugu wa karibu, lakini zote zilikataa kuazima kitenzi kwa mkoloni. Zilikijenga kwa kiambishi chao cha kusababisha. Nomino ziliingia kwa wingi, kitendo kikabaki nyumbani. Ndipo tukakwama, kwa maana metro ya Doha, iliyoanza kubeba abiria Mei 2019, haina dereva. Nani anaiendesha? Kiswahili husema treni inajiendesha. Kiwolofu hutumia bopp, kichwa, kwa maana ya nafsi, basi dawal boppam ni kuendesha kichwa chake. Nikamwambia kuwa kwetu injini inayovuta mabehewa huitwa kichwa cha treni. Kituo chetu kikatupita.

Treni hizi mpya zina uhusiano ambao haumo katika vitabu vya sarufi. Kampuni ya Kituruki Yapı Merkezi ilikuwa miongoni mwa wajenzi wa njia ya dhahabu ya metro ya Doha, ilikuwa miongoni mwa wajenzi wa treni ya Dakar iliyozinduliwa Desemba 2021, na ndiyo iliyojenga, kwanza pamoja na Wareno, reli ya kisasa kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro, iliyoanza kusafirisha abiria Juni 2024. Mjenzi mmoja, miji mitatu, lugha tatu, wala hakuna moshi wa kuiitia treni ya umeme. Wasanifu wa istilahi wangependa tuiite treni ya umeme, magazeti yanaiita SGR, na Dakar nako wameridhika na herufi tatu za Kifaransa, TER.

Lakini zilipofika Tanzania zile seti za treni zenye pua iliyochongoka, watu waliziita Mchongoko, na jina likashika kabla ya baraza lolote kukaa. Garimoshi limebaki katika kamusi, limeandikwa sasa kama neno moja, na limebaki kwenye njia nyembamba ya zamani ya kuelekea Kigoma, ambako injini za dizeli zikipanda kwenda Manyoni bado huacha wingu jeusi nyuma yake.