Kutoka Amani hadi Mabibo: Mtafiti Chipukizi na Swali Lake

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Miaka michache kabla ya hapo Robert Koch alikuwa amefika Dar es Salaam kuchunguza malaria. Sayansi ya zama hizo ilihitaji watu wengi: wa kupanda miti na kuchuma majani, wa kukamata mbu na kupe, wa kuosha chupa, wa kumwonyesha mgeni mti upi unatibu nini. Kazi hizo zilifanywa na Waafrika. Majina yaliyochapishwa yalikuwa ya Wazungu, na maswali yalitokana na mahitaji ya himaya: mpira utastawi wapi, mkwinini utakubali udongo gani, mlowezi atajikinga vipi na homa.

Mwingereza alipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, utaratibu huo haukubadilika sana. Baada ya vita vya pili utafiti wa kilimo ulihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi, na Amani ikageuzwa kituo cha malaria. Kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alielekea Makerere, shule ya ufundi iliyofunguliwa 1922 na kufikia 1949 kuwa chuo kikuu kishiriki cha London. Homa kali ya viungo ilipozuka Newala mwaka 1952 na 1953, sampuli zilipelekwa Entebbe, na huko kikatambuliwa kirusi cha chikungunya. Tanganyika ilitoa homa na damu. Maabara ilikuwa Uganda, na kalamu ilikuwa ya Waingereza.

Uhuru ulipokaribia, milango ilianza kufunguka kwa haraka. Chuo kikuu kilianza Oktoba 1961 kwa kitivo cha sheria, katika jengo la chama cha TANU mtaa wa Lumumba. Shule ya udaktari ilifuata 1963, kitivo cha sayansi Mlimani 1965, na mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikasimama chenyewe. Chini ya kilima cha Mlimani, kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa China, na vitongoji vya jirani, Mabibo kikiwamo, vikapokea wafanyakazi waliotafuta vyumba vya kupanga.

Kisa cha zama hizo kinachostahili kusimuliwa kwa kituo kilianzia kwenye jokofu la shule. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Lushoto, milima ileile ya Usambara, upande wa magharibi. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, wakiyaacha yapoe kabla ya kuyagandisha. Siku moja Mpemba aliogopa kukosa nafasi, akayaingiza yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu sababu, aliambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walicheka. Osborne hakucheka, alirudi Mlimani akaagiza jaribio lirudiwe, na fundi wa maabara akaja kumweleza kwamba maji ya moto yameganda kwanza, ila watalirudia mpaka jibu sahihi lipatikane. Mwaka 1969 makala ilichapishwa Uingereza kwa majina ya wote wawili. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha Mweka, akisomea uhifadhi wa wanyamapori. Wanafizikia wanaendelea kubishana juu ya jambo hilo hadi leo, lakini mwenye swali hakupata maabara ya kulifuatilia. Kwangu mimi, hilo ndilo linaloumiza zaidi katika kisa hiki kuliko kicheko cha darasani.

Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa ikiendesha vituo vya pamoja vya utafiti, ilipovunjika 1977, Muguga ilibaki Kenya na Entebbe ikabaki Uganda. Tanzania ililazimika kujipanga upya. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, iliundwa kwa sheria ya 1979, ikarithi vituo vya Amani na Mwanza, na Wen Kilama akawa mkurugenzi wake mkuu wa kwanza. Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ilifuata kwa sheria ya 1986. Kituo cha daladala jirani na ofisi zake Kijitonyama kinaitwa Sayansi, na makondakta wamelitangaza neno hilo kuliko wizara yoyote. Bahati mbaya, 1986 ulikuwa pia mwaka wa masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mishahara ilipoteza thamani, majarida yakaacha kufika maktaba, vitendanishi vikaisha. Wahadhiri wengine walikwenda Botswana na Lesotho. Wengine walibaki na kufuga kuku.

Ahueni ilikuja kupitia wafadhili. Maabara ambayo Mswisi Rudolf Geigy aliianzisha Ifakara miaka ya 1950 iligeuka taasisi ya Kitanzania 1996. Julie Makani alijenga utafiti wa selimundu Muhimbili tangu 2004, na mwaka 2011 akatuzwa na Royal Society. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alishinda tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake la maji. Maswali yao yalitoka nyumbani, kwenye damu na maji ya Watanzania. Tuzo zilitoka London.

Mabibo ya sasa, iliyomegwa kutoka Kinondoni na kuwekwa wilaya ya Ubungo, imo ndani ya historia hii kwa milango miwili. Wa kwanza ni hosteli za Chuo Kikuu, ambako vizazi vya wanafunzi vimejua kubebana, wawili kitanda kimoja, kabla ya kugombea basi la Mlimani asubuhi. Wa pili ni kituo cha NIMR cha utafiti wa tiba asili, kilichojulikana zaidi mwaka 2020 kwa dawa ya mitishamba ya NIMRCAF wakati wa UVIKO-19. Humo mtafiti anauliza mti upi unatibu nini, kama walivyouliza wageni wa Amani, ila sasa anayeuliza ni Mtanzania, na Sheria ya Tiba Asili ya 2002 inamtambua mganga pia.

Njia ya kutoka mlango wa kwanza hadi wa pili ni nyembamba. Anayepata GPA ya 3.8 na kuendelea anaweza kuomba u-TA, yaani ukufunzi msaidizi chuoni, lakini nafasi ni chache. Wengine huanza kama wasaidizi wa mradi, kwa mkataba unaokufa pamoja na mradi. Anayekwenda ng'ambo kwa uzamivu hurudi na ujuzi wa mashine ambayo huku haipo, au ipo na imeharibika. Mpango wa Lagos wa 1980 ulizitaka serikali za Afrika zitenge asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti. Tanzania haijafika hapo. Kwa hiyo mtafiti chipukizi huandika andiko jipya kabla mkataba wake haujaisha, na jambo la kwanza analosoma katika tangazo la mfadhili ni orodha ya vipaumbele. Swali lake lisipokuwamo, hulipindisha kidogo mpaka liingie.