Manyani wa Shaaban Robert

Kijiweni kwetu Mikocheni jamaa mmoja alinibishia: eti hadithi za ulimwengu wa kubuni, wenye watu na viumbe wengine, ni mambo ya Wazungu. Nikamwambia, bwana wee, Shaaban Robert alishatuandikia. Adili na Nduguze ilitoka 1952. Mle ndani binadamu si bwana wa viumbe. Jini ndiye anayemhukumu. Hasidi na Mwivu wanamtosa ndugu yao Adili baharini, na jini Huria anawageuza manyani. Kila usiku Adili analazimika kuwachapa, kisha analia na kuwalisha. Kisa kinatokana na Alfu Lela Ulela, ila kule waligeuzwa mbwa. Shaaban akaweka nyani, anayefanana nasi mno. Mimi hapo nilikifunga kitabu kwanza.

Sasa tazama mwaka wenyewe. Tanganyika ilitawaliwa na Waingereza, na Shaaban alikuwa karani wa serikali hiyohiyo. Shule zilitengwa kwa rangi: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Hata katika uchaguzi wa 1958 na 1959 mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu, mmoja wa kila rangi. Kura tatu, waliita. Yaani serikali ilihesabu aina tatu za watu. Ngano ya Shaaban inayo moja tu, na mtu hutoka ndani yake kwa husuda, si kwa ngozi.

“Walirudi kuwa watu?” jamaa akauliza.

Walirudi, baada ya kusamehewa. Akakiazima kitabu. Mpaka leo hajakirudisha.